Tuliogopa Nsenene, Tukakamatwa na Maharage



Ndugu wasomaji, safari hii tunawaletea kisa chetu wenyewe, na wala si cha kujivunia. Sisi ni wakazi wa Kyambogo, tunasomesha madrasa watoto wa mtaani jioni na siku za wikiendi, na wazazi wanatujua kwa somo moja tusilochoka kulirudia: kabla hujatia kitu mdomoni, uliza. Basi mwezi wa Novemba tulialikwa chakula cha usiku, na sisi wenyewe tukashindwa kuuliza.

Aliyetualika ni rafiki yetu wa miaka mingi, Mkristo, mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Kyambogo, kile kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganishwa vyuo vitatu. Alikuwa amepandishwa cheo, akataka kufurahi na marafiki. Akatuchukua sisi na mama watoto, pamoja na wenzetu wengine wanne, hadi mkahawa mmoja wa mjini ambako usiku ule walikuwa wanapika vyakula vya Mexico. Huko huchagui. Unakaa, na sahani zinaletwa moja moja, saba kwa jumla, kila moja tonge mbili tatu. Bei ya mtu mmoja tulipoiona ilitufanya tuseme bismillahi kabla hata chakula hakijafika.

Mwenyeji wetu, Allah amlipe kheri, alikuwa amekwisha piga simu kuwaambia pombe isiletwe mezani kwetu. Ikaja juisi nyekundu ya choya, baridi, tamu. Kuhusu nyama hatukuwa na wasiwasi. Nanyi mnajua, hapa Uganda ni desturi ya tangu zamani kwamba mchinjaji huwa Muislamu, hata bucha likiwa la Mkristo. Desturi hii ni neema, lakini pia imetulaza usingizi.

Sahani ya pili ikaja na nsenene. Huko Mexico, katika jimbo la Oaxaca, watu hula panzi waliokaangwa kwa chumvi na ndimu, na mpishi huyu kwa kuwa ulikuwa msimu wetu akatumia nsenene wa hapa hapa. Sisi tukajiandaa kwa mjadala wa fiqhi. Tukawaeleza wenzetu kwamba nzige ni halali bila kuchinjwa, kwamba Masahaba (r.a.) waliwala wakiwa vitani pamoja na Mtume (S.A.W.), na kwamba Waislamu wengi wa Buganda huwahesabu nsenene pamoja na nzige. Tukaongeza kisa cha mjusi wa jangwani aliyeletwa mbele ya Mtume (S.A.W.), naye akaacha kumla kwa kuwa hakumzoea katika nchi ya watu wake, lakini hakumharamisha, na Khalid bin Walid (r.a.) akamla hapo hapo. Tuliongea sana. Ualimu una ugonjwa wake.

Mwenyeji wetu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaisogeza sahani yake pembeni. "Maalim, mimi ukoo wangu ni Nsenene. Sisi hatuwali." Akamwita kijana wa kuhudumia, akamwambia maneno yale yale, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kijana akacheka kidogo, akaiondoa sahani, akaleta nyingine yenye parachichi. Basi, yakaisha.

Sahani ya tatu tukaipenda mno. Chapati ndogo za mahindi, wenyewe huziita tortilla, na maharage yaliyopondwa na kukaangwa. Tukacheka kwamba tumetoka Kyambogo tuje kulipia posho na maharage ya shule! Na kweli mahindi asili yake ni huko Mexico. Afrika yalifika katika karne ya 16, baada ya Wareno kuanza safari zao. Ila wao huyachemsha kwanza na chokaa kabla ya kuyasaga, jambo linalotoa kirutubisho ambacho sisi kwenye posho yetu tunakikosa. Mahindi yalisafiri, lakini ujuzi ule ukabaki kwao, ndiyo maana katika nchi nyingi watu maskini walioishi kwa mahindi peke yake waliugua pelagra.

Tulikuwa tumekwisha kula chapati mbili mama watoto alipoacha kutafuna. Yeye ni mpishi, ulimi wake unajua. Akamwita yule kijana.

"Samahani mwanangu, maharage haya yamekaangwa kwa mafuta gani?"

"Ngoja nikaulize jikoni, mama."

Sisi tulimkanyaga mguu chini ya meza. Tunalisema hili kwa aibu. Tuliona atamwudhi mwenyeji, tutaonekana watu wagumu. Kijana akarudi: mafuta ya nguruwe, ndivyo wanavyopika kwao.

Nguruwe hakuwako Mexico kabla ya Wahispania; waliomleta walitoka nchi ile ile iliyoitwaa Granada mwaka 1492. Huko Uhispania, katika karne iliyofuata, Muislamu aliyebatizwa kwa nguvu aliweza kushitakiwa kwa kukataa tu nyama hiyo. Wale walikuwa na la kuogopa. Sisi tulikuwa tunaogopa nini, mbele ya rafiki aliyekwisha kataa nsenene?

Aliyekula bila kujua hana dhambi, tulijua hilo. Tukaenda kusukutua. Tuliporudi mwenyeji wetu ameinama, ameumia kuliko sisi. "Niliuliza nyama, Maalim. Nikauliza pombe. Maharage sikuyafikiria." Mama watoto akamwambia hata mwalimu hakuyafikiria. Mpishi mwenyewe akatoka, akaomba radhi, akatueleza sahani zilizobaki moja moja, na mbili akazipika upya kwa mafuta ya alizeti.

Jumamosi tuliwasimulia watoto wa madrasa kisa chote, na habari ya kumkanyaga mama mguu hatukuificha. Mtoto mmoja wa kike akauliza kama mama alikasirika. Tukamjibu kwamba alikasirika, siku mbili.

Baada ya wiki mbili mhadhiri alikuja kwetu na mkewe. Mama watoto aliandaa posho, maharage na mchuzi wa kuku. Mgeni akanawa, akakaa mkekani, akafunua bakuli, akalitazama kwa makini.

"Hajati," akasema, "humu hamna nsenene?"