Samaki Juu ya Kijiji

Kwenye bwawa la Blue Mesa, katika milima ya Colorado nchini Marekani, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, watu huvua kokanee kwa kurambaza. Boti inakwenda taratibu, mishipi inakokotwa nyuma yake, na chubwi zito linashusha chambo hadi kwenye maji ya baridi ambako samaki huyo hujificha jua linapopanda. Mdomo wake ni laini mno. Mvuvi akivuta kwa pupa, ndoano inachana nyama na samaki anatoweka kando ya boti, ameshaonekana lakini hajashikwa. Ndiyo maana wazoefu hupenda fimbo nyepesi inayopinda kwa urahisi.

Wavuvi huligawa bwawa hilo mara tatu: Iola, Cebolla, Sapinero. Ukiuliza samaki wako wapi leo, utaambiwa wako Iola. Majina hayo yalikuwa ya vijiji. Mto Gunnison ulipozibwa na ukuta uliokamilika mwaka 1966, maji yalifunika mashamba, nyumba, na hata sehemu ya mto wenyewe ambayo wavuvi waliisifia trauti wake. Miaka ya ukame, bwawa likishuka, mabaki ya Iola hutokeza kwenye tope.

Tukienda kuhani msiba, tuna maneno ya kumpoza mfiwa. Tunamwambia Mungu atampa kingine. Mara nyingi kweli anapewa: mjane anaolewa tena, mama anajaaliwa mtoto mwingine. Hapo ndipo wengi wetu tunaponyamaza kuhusu wa kwanza, kana kwamba deni limelipwa. Blue Mesa inanifanya niutilie shaka ukimya huo. Bwawa limeleta umeme, akiba ya maji, na furaha ya mtoto anayeona mshipi wake ukikaza. Hizo ni neema za kweli. Lakini hakuna hata moja iliyoirudisha nyumba ya mtu wa Iola, na mara nyingi aliyepata si yule aliyepoteza.

Kokanee naye ana habari yake. Ni ndugu wa samoni mwekundu wa Pasifiki, ila yeye haendi baharini. Vifaranga huanguliwa katika kituo cha Roaring Judy, hufunguliwa mtoni majira ya kuchipua, na kushuka hadi bwawani. Baada ya miaka mitatu au minne hupanda tena mpaka pale walipoachiwa, wamegeuka wekundu, madume wamepinda taya, tayari kutaga mayai na kufa. Sisi tunaojua habari za bahari tunaweza kumwonea huruma. Yeye hana alichopoteza. Bwawa ndilo bahari pekee aliyowahi kuijua.

Ndivyo walivyo wanaozaliwa baada ya msiba. Hawana jeraha, wala si haki kuwadai machozi. Kwetu mtoto hupewa jina la bibi aliyetangulia, akalibeba akicheza uani, bila kujua kwa nini shangazi yake humtazama kwa muda mrefu kila anapoitwa. Jina limesalimika, bibi bado anaweza kupotea. Atapotea mara ya pili siku ambayo hatabaki hata mmoja wa kusimulia alivyocheka, alivyokasirika, na alichopenda kupika.

Kwa hiyo sioni kosa kuvua juu ya kijiji, wala kupenda tena baada ya kuzika. Kosa ni kuitumia furaha mpya kama stakabadhi ya malipo. Mtoto anayevuta kokanee wake wa kwanza pale Iola mwacheni ampandishe, apige kelele, apigwe picha. Kisha aambiwe kwamba chini ya boti yao waliishi watu, walilima, na waliondoka bila kutaka. Samaki wake hatapungua kwa kujua hilo.