Chupa Nne Kutoka Ujerumani

Padri mmoja wa kwetu, aliyekuwa masomoni katika nchi ya Bayern, aliporudi Fataki alituletea chupa nne za pombe. Alikuwa amezifunga kwa nguo zake sandukuni, kutoka München hadi Entebbe, na toka huko kwa barabara mpaka Bunia na kwetu. Mbili zilikuwa pombe ya ngano, mbili pilsner. Akasema, "Msizinywe kama watu wenye kiu. Tutazionja, na kila mmoja ataeleza anachokiona."

Basi Jumapili baada ya Misa tulikutana watu sita: Padri, mzee katekista, ambaye tangu miaka mingi hagusi pombe, sisi watatu wa halmashauri ya parokia, na mama mmoja apikaye mandale, ile pombe yetu ya muhogo na kimea cha mahindi. Mama huyo, kusema kweli, tulimwita alete bilauri tu.

Baridi ya Fataki ilitusaidia, maana chupa zililala usiku kucha ndani ya mtungi wa maji. Padri alitaka bilauri zisuuzwe sana, kwa kuwa mafuta na sabuni huua povu. Kisha akatufundisha: kumimina polepole, kutazama rangi, kunusa, kunywa funda dogo na kulimeza, maana uchungu wa pombe hujulikana vema baada ya kumeza.

Tulianza na Weihenstephaner, pombe ya ngano. Hupikwa Freising, juu ya kilima kilichokuwa na monasteri ya Wabenedikto. Kiwanda chenyewe huhesabu miaka yake tangu 1040. Mwaka 1803 serikali iliitwaa monasteri, lakini pombe haikukoma. Mmoja wetu alishangaa kusikia watawa wakipika pombe. Padri akamjibu kwamba hata kitabu cha Rituale Romanum kina baraka ya pombe, na kwamba Kanisa halibariki kitu kilicho kibaya kwa asili yake. Katekista akakohoa kidogo. "Kibaya si chungu," alisema, "kibaya nilikuwa mimi."

Hakuna aliyecheka. Lakini alikubali kunusa, na pua yake ilikuwa kali kuliko zetu zote. "Ndizi mbivu," akasema, "na karafuu." Nasi tuliokunywa tukaona ni kweli. Wala hamna ndizi wala karafuu ndani yake. Nafaka yake ni ngano, nusu au zaidi, pamoja na shayiri. Harufu ile huzaliwa na hamira, ambayo hupenda joto kidogo. Pombe ni nzito, ina ukungu, povu lake limesimama kama pamba. Ya pili, Schneider, ilikuwa nyeusi zaidi, yenye ladha ya mkate uliookwa sana. Jamaa ya Schneider walipata haki ya kuipika mwaka 1872; zamani haki hiyo ilikuwa ya watawala wa Bayern.

Pilsner ni kitu kingine. Ilianza mwaka 1842 katika mji wa Plzeň, ambako Josef Groll, mtu wa Bayern, aliipika kwa kimea cheupe na hamira ipendayo baridi. Hung'aa kama dhahabu, na uchungu wake hutoka katika maua ya hopi. Primus yetu ni jamaa yake, ila haina uchungu kama huo. Ile ya chupa ya kahawia ilitupendeza: safi, kavu, yenye harufu ya majani.

Ikafika ya mwisho, ya chupa ya kijani. Tuliisifu mara. Mmoja alisema ndiyo bora kupita zote. Sisi tukaongeza kwamba harufu yake ni ya Ulaya hasa. Mama yule alikuwa mlangoni. Padri akampa bilauri. Akanusa, hakunywa.

"Hii imeharibika," akasema. "Inanuka kicheche."

Tulinusa tena. Kicheche kabisa! Padri akaona haya, akakumbuka kwamba aliiacha dirishani siku mbili juani. Mwanga huvunja ule uchungu wa hopi na kuzaa harufu hiyo; chupa ya kahawia huukinga, ya kijani haiwezi.

Tukamwuliza amejuaje. Akatuambia kwamba mwaka uliopita alimwaga mtungi mzima wa mandale uliochacha vibaya, nao ulikuwa karo ya mtoto wake. Jirani walimshauri auuze usiku, kwa watu waliokwisha kulewa. Hakukubali. Nasi tulikuwa tumenyamaza, kwa kuwa miongoni mwetu walikuwamo waliombishia bei kila Jumamosi, wakisema mandale si kitu, ni maji ya muhogo.

Tulilipa karo iliyobaki. Hatukutaka isemwe kanisani.

Kabla ya kuondoka mama aliomba masimbi ya chini ya chupa za ngano, yenye hamira, ayajaribu katika mtungi wake. Siku ya pili mtungi ulichemka na kutoa povu. Tukamwendea kwa furaha, tukiuliza kama hamira ya Wajerumani inafanya kazi.

"Hata bila hiyo," akasema, "siku ya pili huchemka."

Katekista aliinama, akanusa muda mrefu. Akasema anasikia ndizi kidogo, lakini labda ni mgomba ulio nyuma ya nyumba.