Engels, Ng'ambo ya Volga

Miji ina majina, na majina yana historia. Engels, unaotazamana na Saratov ng'ambo ya mto Volga, ulianzishwa mwaka 1747 na wachukuzi wa chumvi ya ziwa Elton, ukaja kuitwa Pokrovsk. Mwaka 1931 ukapewa jina la mwanafalsafa wa Kijerumani, ukiwa makao makuu ya jamhuri ya Wajerumani wa Volga. Agosti 1941, serikali ya Stalin ikaamuru Wajerumani hao wahamishiwe Siberia na Kazakhstan. Mji ulibaki, baadaye ukiunda mabasi ya kuvuta umeme nyayani. Mwaka 1965 likafunguliwa daraja la kwendea Saratov. Jina nalo halikuguswa. Nami nifasiripo hujiuliza: neno lafaa nini ubaoni, ilhali vinywa vilivyolitamka vimefukuzwa?