Mwaka wa Klorini

Goma umri wa mtu unaweza kuuhesabu kwa volkano. Baba yangu alikuwa mtoto wakati wa ile ya Januari 1977. Mimi nilikuwa nabebwa mgongoni tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani. Ile ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 ndiyo iliyochukua nyumba yetu ya Buhene, pamoja na cherehani niliyokuwa nikijipatia riziki nayo.

Usiku wenyewe sitausimulia sana. Kila mtu wa hapa ana hadithi yake, na zote zinafanana: anga jekundu, magodoro vichwani, wazazi wanaita majina ya watoto gizani. Alfajiri lava ilikuwa imesimama karibu na uwanja wa ndege, mji wenyewe ukanusurika. Sisi wa upande wa Buhene na Kibati hatukunusurika. Watu zaidi ya 30 walikufa na maelfu ya nyumba zikazikwa. Ardhi nayo ikawa haitulii, kuta zinapasuka mchana na usiku. Tarehe 27 gavana wa kijeshi akatangaza kwamba kata 10 kati ya 18 za mji zihame, maana ilihofiwa kuna moto chini ya miguu yetu na gesi chini ya ziwa. Watu laki kadhaa wakashika njia siku hiyo hiyo. Kuna waliovuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kuna waliopanda boti kwenda Bukavu. Sisi tulitembea hadi Sake, kilomita kama 25, tukalala kwenye darasa la shule.

Hapo Sake ndipo nilipoanza kujitolea, na sikuanza kwa moyo mkubwa. Kijana mmoja mwenye fulana ya Msalaba Mwekundu aliingia darasani akauliza nani ana mwandiko mzuri. Sikuwa na kazi nyingine ya kufanya ila kulia, nikanyoosha mkono. Akanipa daftari niandike watoto waliopotezana na wazazi wao.

Mtoto wa miaka minne ukimuuliza baba yake anaitwa nani, atakuambia anaitwa Papa. Mama ni Mama. Unakaa wapi? Nyumbani. Nilijifunza kuuliza kwa kuzunguka: jirani yenu anauza nini, ukitoka mlangoni unaona kanisa au unaona duka, dada yako mkubwa wanamwitaje akichelewa kuchota maji. Mvulana mmoja alinijibu kwamba nyuma ya nyumba yao ndege huwa zinapita chini sana. Kwa jibu hilo tu tukajua tuwatafute wazazi wake kati ya watu wa mitaa ya uwanja wa ndege, na jioni shangazi yake akapatikana. Alimpiga kofi kwanza, kisha akamkumbatia.

Mwezi Juni tuliporuhusiwa kurudi, mji ulikuwa umesimama lakini maji hayakuwepo. Lava ilikuwa imeharibu tangi na mabomba, na takribani watu nusu milioni hawakuwa na maji safi. Asiyeujua mji wetu atauliza kwa nini hatukuchimba visima. Goma imejengwa juu ya mwamba wa lava za zamani: hakuna kisima cha kuchimba kwa jembe, na hata choo ni shida, watu wanakijenga juu ya ardhi na kukipandia kwa ngazi. Kinachobaki ni ziwa. Ziwa lile lile tulilokuwa tumelikimbia kwa hofu ya gesi, sasa tulilifuata na bidoni. Na katika ziwa kuna kipindupindu. Wazee wanakumbuka Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipokuwa wakifa njiani kwa kuhara, makumi ya maelfu. Hapa hakuna anayehitaji kuelezwa ugonjwa huo ni nini.

Nikapangwa Kituku, kando ya ziwa, kwenye kituo cha klorini. Kazi yenyewe ni hii: mtu anachota maji, anakuletea bidoni ya lita 20, unavuta dawa kwa bomba la sindano, unaipiga ndani, unafunga, unatikisa, unamwambia asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Basi. Kuanzia kabla jua halijachomoza mpaka mchana, bidoni ya njano baada ya bidoni ya njano, chukudu, zile skuta za mbao, zinapanga foleni, watoto wanajipenyeza chini ya mikono ya wakubwa. Vidole vinakauka na kupasuka. Harufu inaingia kwenye nguo, kwenye kitenge, kwenye chakula unachokula.

Ugumu ulikuwa kwenye maneno ya watu. Ilivuma kwamba dawa ile inafunga vizazi. Mama mmoja muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, alinizibia njia na beseni lake.

“Yaya, wewe mwenyewe umeolewa?”

“Bado, Mama.”

“Ndiyo maana huogopi.”

Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini alikuwa hatanii, na bidoni yake aliondoka nayo bila dawa. Kesho yake nilitia klorini kwenye bidoni yangu mbele ya foleni, na nusu saa ilipotimia nikanywa kikombe kizima. Nikafanya hivyo kila asubuhi. Sijui kama kikombe ndicho kilichomgeuza yule mama au ni kwa kuwa mtoto wa jirani yake alilazwa akiwekewa dripu. Alirudi, akaweka bidoni chini, akatazama pembeni nilipokuwa nikitia dawa.

Neno lingine lilinichoma zaidi: kwamba sisi wenye fulana tunakula pesa za wazungu. Nauli tuliyopewa, ikipatikana, haikutosha unga wa fufu kwa familia. Nami mwenyewe nilikuwa kwenye orodha ya waathirika. Nilipewa jetoni ya msaada na shirika moja, nikapanga foleni kutwa nzima kusubiri bashi, yaani turubai, na masufuria, na jina langu likakosekana. Anayedhani watu wa kujitolea ni wale walioshiba wanaowahurumia wenye njaa aje asimame Kituku saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye timu yetu waliopoteza nyumba walikuwa wengi kuliko waliobaki nazo. Tulikuja kwa sababu nyumbani, kama kulikuwa na nyumbani, tungeketi kutazamana. Pale ziwani mtu anakuita, anakuhitaji kwa jambo dogo ambalo unaliweza.

Baba yangu alikuwa na njia yake. Kila Jumapili baada ya misa alipanda Buhene na kamba kutafuta mipaka ya parseli yetu juu ya lava. Alipima kutoka kwenye nyumba ya jirani iliyobaki, akaweka mawe, na wiki iliyofuata akakuta mtu mwingine ameyahamisha kwa kamba yake. Walibishana, wakapima upya pamoja. Mvua ikinyesha, mawe yalikuwa bado yanatoa moshi.

Mwaka ulipotimia, Mei 2022, vita vya waasi wa M23 vikafika Kibumba, na watu wakashuka na barabara ya Rutshuru hadi Kanyaruchinya. Walijipanga kwenye madarasa kama tulivyojipanga sisi Sake. Watu wa Buhene waliokuwa bado chini ya bashi waliwapelekea maharage. Sitaki kulipamba: wengine walinung'unika kwamba sasa msaada utawapita wao, na hesabu yao haikuwa ya uongo.

Tulitumwa huko na tangi na klorini. Msichana mmoja wa Kibumba, aliyemaliza sekondari, alikaa karibu nasi asubuhi nzima akitazama. Nilimuuliza kama ana mwandiko mzuri. Akasema anao. Nikampa daftari, na alipoandika ukurasa wa kwanza nikampa bomba la sindano pia, nikamwambia aanze na bidoni za mabibi, kwa kuwa hao hawagombani kwenye foleni na hurudi nyumbani wamekosa maji.