Melini na Mama: tulivyochagua pa kushuka

Najua nimeadimika, na wengine mmeshaanza kuniita mtoro. Zamu za usiku hospitalini zinanimaliza, na siku ya mapumziko yote inaishia kwenye kufua na kulala. Leo nimekaa kitako kwa sababu mdogo wangu wa Muscat ameniandikia kwamba yeye na mumewe wanataka kuwapandisha watoto meli ya utalii inayoanzia Dubai, na ananiuliza: "Dada, hayo matembezi ya kushuka bandarini nyie mlichaguaje? Yako mengi mpaka kichwa kinauma." Nikaanza kumjibu kwa simu, nikaona maneno ni mengi. Tena wengi wenu mliiona ile picha ya Mama na kofia pana tu, hamjui kwamba siku ileile tulikaribia kuachwa Honduras.

Ilikuwa Julai 2023. Mama alikuwa ametoka Pangani kuja kututembelea hapa Houston, miaka sabini na mbili, goti moja bovu, mkongojo mkononi. Baba watoto alikuwa amedunduliza hela mwaka mzima ili tupande meli, na Mama alipopata visa tukasema basi, tunakwenda naye. Meli inaondokea Galveston, kama kilomita 80 kutoka kwetu. Siku saba: mbili baharini tu, kisha kisiwa cha Roatán huko Honduras, halafu Costa Maya na Cozumel, zote Mexico, kisha siku moja tena ya bahari na kurudi.

Kabla hata ya matembezi kulikuwa na makaratasi. Visa ya Mama ilikuwa ya kuingia mara nyingi. Hilo ni la kwanza kabisa, maana ukitoka na visa ya kuingia mara moja umejifungia mlango mwenyewe. Mexico haikumdai visa kwa kuwa alikuwa na visa halali ya Marekani. Kwa Honduras niliiandikia kampuni ya meli na kuomba jibu kwa maandishi, nikalichapisha nikalitia kwenye mkoba. Hayo ni ya 2023, na mambo ya visa hubadilika kila kukicha, hasa kwa sisi wenye pasipoti za huku kwetu. Msinishike ulimi, ulizeni upya.

Sasa, meli ukishailipia wanakufungulia ukurasa wenye matembezi ya kila bandari. Loh! Roatán peke yake yalikuwa zaidi ya thelathini. Mwanangu wa kiume, miaka tisa, akataka kuteleza kwa waya juu ya miti. Binti yangu, kumi na tano, akataka kuogelea na pomboo. Baba watoto yeye na magofu ya Wamaya, maana amesoma vitabu vyao tangu sekondari. Nikamgeukia Mama. Mama akasema, "Mimi niacheni melini. Nitakaa kivulini, nitawaangalia mkirudi."

Mnamjua Mama. Hilo si jibu, hiyo ni adabu. Nikamwuliza tena usiku tukiwa wawili jikoni, akaniambia, "Mwanangu, majengo nimeyaona hapa kwenu mpaka shingo imeniuma. Kama kuna watu wa huko, nitawatazama watu." Nililala na neno hilo. Mtu ametoka Pangani mpaka huku, hajui kama atakuja tena, halafu tumwache juu ya meli akiangalia bwawa la kuogelea?

Kwa hiyo tukaanza upya, na safari hii tulianzia kwenye goti la Mama. Mdogo wangu, hapa ndipo nakuomba usome vizuri. Jambo la kwanza ni kujua kama meli inafunga gatini au inatia nanga mbali mkashushwa kwa vijiboti. Tulipokuwa tunachagua safari kulikuwa na nyingine ya bei nafuu iliyopitia Belize City, nasi tukaiacha kwa sababu hiyo tu: pale maji ni mafupi, meli kubwa inasimama mbali, na abiria wanahamia kwenye boti ndogo. Mama na mkongojo wake kwenye boti inayoyumba? Hapana. Bandari zetu tatu zote meli ilifunga gatini, ukatembea kwa miguu mpaka nje.

La pili, soma saa za njiani, usisome picha. Pale Cozumel wanakuuzia Tulum, picha nzuri ajabu, magofu juu ya bahari ya samawati. Lakini Cozumel ni kisiwa na Tulum iko bara. Unapanda kivuko kama dakika 45 hadi Playa del Carmen, halafu basi karibu saa nzima, na kurudi vilevile. Chichén Itzá ndiyo mbali zaidi, basi peke yake ni zaidi ya saa mbili kwenda. Siku yote unaimalizia kwenye kiti. Baba watoto alinuna kidogo, kisha tukakubaliana magofu yake ayafuate Costa Maya, kwenye Chacchoben, ambako basi ni chini ya saa moja na meli yenyewe ndiyo inayopeleka.

La tatu ni hela, na hapa ndipo nilipojifanya mjanja. Ukichukua matembezi ya meli unalipa zaidi, lakini wakichelewa kukurudisha, meli inakusubiri, au kampuni inabeba gharama ya kukufikisha bandari inayofuata. Ukijichukulia dereva wako, ukichelewa unaiona meli mgongo. Watu watano kwa matembezi ya meli Roatán ilikaribia dola 400. Mimi nikapata dereva wa palepale kisiwani kwa dola 150, gari letu peke yetu, na alikubali kutupeleka nilikotaka: kijiji cha Punta Gorda. Baba watoto akasema, "Mama, hiyo ni hatari." Nikamwambia hatari ni kulipa 400.

Nilitaka Punta Gorda kwa sababu ya watu wanaoitwa Wagarifuna. Hawa ni uzao wa Waafrika waliochanganyika na wenyeji wa kisiwa cha St. Vincent. Waliwapinga Waingereza kwa silaha mpaka wakashindwa, na Waingereza wakawakamata karibu elfu tano wakawarundika kwenye kijisiwa kinachoitwa Baliceaux, ambako karibu nusu walikufa. Waliobaki wakapakiwa merikebuni na kutupwa Roatán, Aprili 1797. Kutoka hapo wakaenea pwani ya Honduras, Belize, Guatemala na Nicaragua. Mwaka 2001 UNESCO iliitangaza lugha, ngoma na muziki wao kuwa kazi bora ya urithi wa simulizi na usioshikika wa binadamu. Nilimsimulia Mama haya garini, naye akasema tu, "Kumbe walifukuzwa kwao."

Roatán ni kisiwa kirefu chembamba, milima ya kijani, barabara inapanda na kushuka. Kwa kuwa Waingereza walikishika mpaka karibu 1860, wenyeji wengi wanasema Kiingereza, kwa hiyo na dereva tulielewana vizuri. Kutoka gatini Coxen Hole mpaka Punta Gorda ilituchukua kama dakika arobaini.

Tukafika kwenye ua mmoja wa makuti karibu na bahari, akina mama watatu wanapika. Mama akashuka garini, akavuta pumzi, akaniambia, "Hapa kuna nazi." Kabla hatujaona kitu! Kweli, mmoja alikuwa anakuna nazi kwa ubao wenye meno. Mama akamtazama mpaka akashindwa kuvumilia: "Mwambie, mbuzi yake iko wapi? Atajikuna vidole huyo." Nikatafsiri, dereva akatafsiri tena, wale wanawake wakacheka. Mama akaonyesha kwa mikono jinsi tunavyoikalia mbuzi na kuzungusha kifuu. Yule mkubwa wao, mzee wa rika la Mama, akavuta kigoda akakipigapiga, kaa hapa.

Baadaye wakatuonyesha mkate wao wa muhogo. Muhogo wao ni ule mchungu wenye sumu, kama ule ambao kwetu tunaulowesha au kuuanika. Wanaukuna, halafu wanausokomeza kwenye mfuko mrefu uliosukwa kwa majani, unatundikwa juu na kuvutwa chini mpaka maji yote ya sumu yanatoka. Unaitwa ruguma. Mama alipoushika aliugeuza huku na huku, akanitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ndugu yake. "Hiki ni kifumbu," akasema. "Kimerefushwa tu. Hiki ni kifumbu cha kuchujia tui." Akawa anausema peke yake, kifumbu, kifumbu. Kisha wakatuletea samaki wa tui na ndizi mbichi zilizochemshwa zikatwangwa kwenye kinu, kinu hasa, na mchi. Mwanangu aliyetaka waya akapewa mchi akatwanga mpaka jasho likamtoka, na hakukumbuka waya tena.

Mama ambaye melini alikuwa anakula vijiko viwili anasema ameshiba, alimaliza sahani. Wala sikuwa na lugha ya kumtafsiria tena, maana wale wazee wawili walishaacha kunisubiri. Mmoja anasema kwake, mwingine anajibu kwake, wanaonyeshana magoti. Na yule naye lake bovu!

Mie nikatazama simu. Saa nane na dakika arobaini. Meli ilituambia wote tuwe ndani saa kumi na nusu. Nikasema tuna muda tele, twende hata ufukweni watoto wakaoge.

Mama akatazama saa yake ya mkono, ile ya kamba ya ngozi aliyoachiwa na marehemu Baba. "Mbona yangu inasema saa tisa na dakika arobaini?"

Nikamwambia imeharibika. Akasema, "Haijaharibika. Asubuhi niliilinganisha na ile ya ukutani pale tunapokunywa chai."

Nikahisi tumbo limeshuka. Kumbe ni hivi: meli yetu ilibaki na saa ya Galveston safari nzima, na ilitangazwa kwa kipaza sauti msibadilishe saa zenu. Honduras wakati wa kiangazi iko nyuma ya Texas kwa saa moja. Mie nilikuwa nimewasha mtandao ili nimpate dereva kwenye WhatsApp, na simu ikajigeuza yenyewe kufuata saa ya Honduras. Ya binti yangu pia. Baba watoto yake ilikuwa imezimika chaji. Na pasipoti zetu zote, kwa sababu niliogopa tusije tukaziangusha, nilizifungia kwenye sefu ya chumbani melini, pamoja na lile jibu la maandishi la Honduras. Mama yangu mzazi, na visa ya wageni, Honduras, mkononi ana nakala ya karatasi tu.

Sikumbuki tuliagaje. Nakumbuka yule mzee wa Kigarifuna akimfunga Mama mkate kwenye mfuko, na mimi nikipiga kelele "Mama, twende!" kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea. Dereva, Mungu amlipe, hakusema neno, alikanyaga mafuta tu. Nyuma ya lori moja la mchanga tulitambaa mlimani mpaka nikaanza kulia. Baba watoto angeweza kusema "si nilikwambia," na hakusema. Mpaka leo hajasema, na hilo ninalihesabu. Mama alikuwa anasoma dua, mkono mmoja kwenye mkongojo, mwingine kwenye mkate.

Tulifika gatini saa kumi na dakika ishirini na tano kwa saa ya Mama. Mlinzi alituona kwa mbali akatuashiria kwa mikono, kimbieni. Mama hakimbii. Baba watoto akambeba mgongoni, mkwe wake, mbele ya meli nzima, watu wakashangilia kutoka juu. Mama alikuwa anasema "niweke chini wewe, aibu hii" mpaka mlangoni.

Costa Maya na Cozumel zilipita salama. Baba watoto na binti walikwenda Chacchoben na matembezi ya meli. Mie sikubishania bei hata senti, nikabaki Mahahual na Mama na mdogo, miguu ndani ya maji. Cozumel tukaenda bustani ya Chankanaab, watoto wakazamia na miwani, na kule Mexico saa ilikuwa sawa na ya meli kwa kuwa ni kiangazi. Safari za majira ya baridi inatofautiana kwa saa moja, kwa hiyo angalieni.

Basi mdogo wangu, kwa hiyo ya Dubai, anza na mtu mwenye mwili dhaifu kuliko wote, halafu uulize dakika za njiani, halafu bandari ya mbali mpe meli ikupeleke na ile ya karibu jipeleke mwenyewe. Pasipoti muulize mhudumu wa meli asubuhi ya kila bandari. Na nunua saa ya mkono, hata ya bei ya sokoni.

Ule mkate ulifika Houston na Mama akaurudisha nao Pangani, mkavu kama kigae, akawagawia majirani vipande. Walioonja naomba mniambie ulikuwaje, maana mie siku ile sikuweza kumeza kitu. Naingia zamu saa moja jioni. Wasalimieni wote, na Mama mwambieni simu yake haishiki tangu Jumatatu.