Kuuliza si Ujinga

Katika mwaka 1844 alifika Mombasa Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza. Alikuwa msomi, tena alijua Kihabeshi na Kiarabu. Lakini Kiswahili kilimlazimu akae chini kama mtoto wa chuoni.

Mwezi wa Juni alianza kufasiri Kitabu cha Mwanzo. Aliyemsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa Mombasa, Mwislamu. Mwezi wa pili yake homa ilimwua mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga akafa pia. Krapf aliwazika, akarudi kwenye kazi yake.

Wako wadhanio kwamba kufasiri Maandiko ni kubadili neno kwa neno, kama mtu avunjavyo noti apate senti. Sivyo hata kidogo. Mwambie mtu wa pwani kwamba fulani ana roho, naye aweza kufahamu kuwa ni mlafi. Mambo kama hayo mgeni hayaoni katika kamusi. Hana budi kumwuliza mwenyeji.

Wengine walifuata njia hiyo. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891, ya Kimvita mwaka 1914, na mwaka 1952 ikatolewa moja ya kuwaunganisha wasomaji wote.

Basi afunguaye kitabu hicho na akumbuke kwamba mhubiri alikuwa kwanza mwanafunzi, na mwalimu wake alikuwa kadhi.