Tangi la kioo lililopanda Mlola

Tuliondoka Tanga baada ya swala ya Alfajiri, watu watatu wa kamati ya msikiti, tukiwa na tangi la kioo lililofungwa kwa magodoro mawili chakavu na ndoo yenye samaki tisa wadogo. Tangi lilikuwa mali ya marehemu, na mjane wake alituuzia kwa bei ambayo kwa hakika ilikaribia kuwa sadaka. Alipotukabidhi chujio lake, alituonya: “Wanangu, sponji hili msilioshe. Mzee hakuwa akilipitisha kwenye maji ya bomba hata siku moja.” Tukaitikia, “Sawa, mama,” bila kuelewa.

Hadi Mombo safari ni ya tambarare: Muheza, Segera, Korogwe, jua kali na mashamba ya mkonge. Kuanzia Mombo ni kupanda. Kilometa 33 hivi hadi Lushoto, kona juu ya kona, na kila kona tulilikumbatia tangi kama mtoto mchanga. Pale Soni, penye maporomoko, ubaridi ukaanza kutupokea. Tukapita Lushoto, tukaingia msitu wa Magamba wenye ukungu wake, na wakati wa Alasiri tulikuwa Mlola.

Msomaji atauliza haja ya yote haya. Watoto wengi wa madrasa yetu wanamjua samaki akiwa mkavu, sokoni. Tulitaka wamwone akiogelea.

Tangi lina urefu wa sentimeta 60, upana 30 na kimo 30. Likijaa, maji yake ni lita 54, yaani kilo 54 kabla ya kuhesabu kioo na changarawe. Kwa hiyo fundi alitutengenezea meza nzito, tukaipima kwa pimamaji, tukatandika mkeka mwembamba juu yake. Kwanza tulilijaza tangi uani na kuliacha siku nzima tuone kama gundi ya pembeni inavuja. Halikuvuja. Samaki walisubiri ndooni.

Ndipo tukalitazama sponji. Lilikuwa jeusi, lenye utelezi na harufu ya tope. Sisi ni watu wa tahara. Tutawekaje uchafu ule mbele ya watoto? Tukalisugua kwa sabuni ya unga, tukalisuuza mara saba, tukalianika juani hadi likarudia rangi yake ya samawati. Tukajisifu.

Siku ya tatu samaki walikuwa juu ya maji, wakitwetea. Kufikia Ijumaa wote tisa walikuwa wamekufa. Mtoto mmoja alituuliza ni nani aliyewaua, na hapakuwa na mtu wa kumjibu. Tulikumbuka hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia asimlishe wala kumwacha ajitafutie. Kiumbe uliyemfungia yuko katika dhamana yako.

Tulikuwa tumeosha nini hasa? Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu kwake mwenyewe. Mtoni maji huichukua, tangini hubaki. Ndani ya sponji lililotumika huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Jamii hiyo huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, na kwenye maji baridi huchelewa zaidi. Marehemu aliilea kwa miaka. Sisi tuliimaliza kwa sabuni na jua la mchana mmoja. Sponji likiziba, hukamuliwa taratibu katika maji yaliyotolewa tangini humo humo, basi.

Kumpigia simu yule mama kulituchukua siku mbili za kusitasita. Hakutulaumu. Alituelekeza kwa kijana afugaye samaki wa mapambo Tanga, ambaye alitukatia nusu ya sponji lake. Lilisafiri kwa basi likiwa limelowa, katika ndoo yenye maji kidogo na hewa nyingi, kwani bakteria wale nao huhitaji oksijeni. Tukaanza na samaki watatu, baadaye tukaongeza wawili.

Baridi ya Mlola ina masharti yake. Samaki hawa hutaka nyuzi joto 25 hivi, kwa hiyo tuna hita. Umeme ukikatika usiku, mlinzi hulifunika tangi kwa blanketi. Kila wiki tunabadilisha robo ya maji, na ndoo ile humwagwa kwenye matuta ya kabichi nyuma ya madrasa. Kabichi hazijalalamika.

Juzi mama alipiga simu. Aliuliza samaki wako wangapi. Tukamwambia watano, wote wazima. Kisha akauliza hali ya sponji.

“Chafu, mama,” tukamjibu. “Chafu kabisa, alhamdulillahi.”